Barua ya wakili, na kidole gumba kwenye PDF

Barua ilikuja mwaka 2015, ndani ya bahasha ya kawaida isiyo na mbwembwe. Nilikuwa na miezi saba Ujerumani na Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji, nikaisoma kwa kamusi, neno baada ya neno. Ilikuwa na jina la filamu, tarehe, saa mpaka sekunde, na mlolongo wa namba zenye nukta katikati, ambazo baadaye nilielewa kuwa ni anwani ya IP ya intaneti yangu. Chini yake kulikuwa na hesabu: fidia na gharama za wakili, jumla zaidi ya euro 900. Na karatasi ya pili ya kutia saini, kwamba sitarudia, na siku nikirudia nitatozwa faini inayozidi hiyo kwa mbali.

Filamu yenyewe, niliyoipakua bure mtandaoni, wala sikuimaliza. Ilinichosha dakika ya ishirini.

Wenyeji barua hiyo ya onyo wanaiita Abmahnung, na karibu kila mgeni aliyekaa hapa ana rafiki aliyewahi kuipata. Mwenye filamu anaajiri watu wanaoingia kwenye torenti, mfumo wa watu kugawana mafaili mtandaoni, kama mtu mwingine yeyote na kuorodhesha anwani zote zinazogawana faili lile. Mahakama inairuhusu kampuni ya intaneti itaje jina la mteja. Wakili anaandika barua, na barua kama hiyo anaandika mamia. Mimi niliapa kwamba nilipakua tu, sikumuuzia mtu. Nikaambiwa torenti haijui kupakua tu: vipande ulivyokwisha kuvipata inawagawia wengine papo hapo, kwa hiyo kisheria wewe ni msambazaji. Ofisi ya kutetea walaji ikanishauri nisitie saini karatasi ile kama ilivyo, bali nipeleke yangu iliyorekebishwa. Ikanieleza pia kuwa tangu 2013 sheria imeweka kikomo cha gharama anazoweza kudai wakili kwa mtu binafsi wa mara ya kwanza. Nililipa pungufu ya walichotaka. Nililipa, lakini.

Tangu hapo mimi ni mtu mwema. Muziki nalipia, filamu nalipia, hata programu ya kuhariri picha niliyokuwa natumia ya wizi nimeinunua. Nikisimulia haya nyumbani Tanzania, jibu ni lilelile: wenzetu huko wanaheshimu kazi za watu, sisi bado sana. Na Watanzania wa huku ndio wabaya zaidi kwa maneno hayo. Mtu amepata kibali cha kuishi juzi, leo anawahubiria walioko nyumbani kuhusu uharamia.

Sikubali. Nimekaa nao. Wanachokiheshimu ni barua.

Ukitazama vitabu vya sheria, tofauti ni ndogo kuliko tunavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ina COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, Zanzibar wana COSOZA yao, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tumo tangu 1994. Kazi ya mwandishi inalindwa miaka 50 baada ya kifo chake, Ujerumani miaka 70. Mwaka 2013 tukaanza hata kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD, ili nakala halali ijulikane na ya wizi ikamatwe. Bahati mbaya wakati ule watu walishahamia kwenye flashi na kadi ya simu: unampa kijana mwenye kompyuta, anakujazia nyimbo mpaka inakataa. Stempu tulikuwa tunaibandika kwenye jeneza.

Sasa jiulize yule kijana angefanya nini kingine. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilifungua milango Ujerumani mwaka 2012. Tanzania ilifika 2021. Kwa miaka tisa Mjerumani alikuwa na mahali pa kuchukua wimbo kihalali kwa kubonyeza mara mbili, na Mtanzania mwenye pesa yake mkononi akijaribu kufungua ukurasa uleule alijibiwa kwamba huduma haipatikani nchini kwake. Na hata huduma ilipopatikana, nyingi zilitaka kadi ya benki, kwa watu ambao benki yao ni simu. Duka limefungwa, halafu mteja anaitwa mwizi kwa kuingilia dirishani. (Kosa ni kosa, najua, wala simtetei anayedurufu albamu ya msanii wa nyumbani na kuiuza barabarani siku inapotoka. Huyo hana dirisha wala mlango, huyo ni mwizi.)

Lakini wapo ambao mpaka leo nashindwa kuwaweka upande wowote, nao ni wale maDJ wa kutafsiri filamu. Waliokulia Tanzania wananielewa. Filamu ni ya Kichina au ya Kihindi, nakala yenyewe haijulikani imetoka wapi, na juu ya sauti za waigizaji kuna mtu mmoja na kipaza sauti anasimulia kila kitu kwa Kiswahili. Anamwigiza jambazi, anamwigiza mama mkwe, anamtania shujaa anapokawia kukimbia, anaeleza mila za nchi ambayo hajawahi kukanyaga, na mahali asipoelewa anatunga. Nilipokuja kuiona mojawapo ya filamu hizo huku, yenye maandishi halali chini ya picha, ilikuwa imepooza kama chai ya jana. Nilichokuwa nakipenda kilikuwa cha DJ.

Kisheria hana pa kushika. Mkataba wa Berne unasema haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, basi. Lakini kazi yake ya kutunga ni kazi pia, na yeye naye analizwa: sauti yake inadurufiwa na wengine wasiompa hata senti, na hawezi kwenda kushtaki popote maana ataulizwa filamu aliipata wapi. Mwizi anayeibiwa utunzi wake halisi. Wakili yule aliyeniandikia mimi angemwandikia barua moja na kufunga faili. Mimi ningependa awepo mtu wa kumpa leseni.

Na wala msidhani huku haki inakwenda bila vituko. Nilipofika, video nyingi za muziki kwenye YouTube zilikuwa zimefungwa kwa walioko Ujerumani, kwa sababu GEMA, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki, kiligombana na YouTube tangu 2009 na hawakupatana mpaka Novemba 2016. Kioo cheusi na sura ya kibonzo yenye huzuni. Nikawa naulizwa na mdogo wangu aliye Tanzania kama nimeuona wimbo fulani mpya, naye ndiye anayeuona, mimi niliyekwenda Ulaya siuoni. Rafiki Mjerumani akanionyesha namna ya kuidanganya YouTube idhani niko nchi nyingine. Alifanya hivyo bila haya yoyote, mtu ambaye havuki barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari.

Ninachowaonea gere hawa ni bomba lao la pesa, barua zao wabaki nazo. Tangu miaka ya 1960 sheria yao inatambua kwamba watu watanakili tu nyumbani, kwa hiyo tozo inakatwa kwenye vifaa vya kunakilia, leo mashine za kunakili, simu, kadi za kumbukumbu, na pesa ile inawarudia watunzi kupitia vyama vyao. Waandishi wana VG Wort. Namfahamu mwandishi hapa, si maarufu, vitabu vyake vinasomwa na watu wachache, na kila mwaka anapata hundi yake kutoka huko, pamoja na kifuta jasho cha vitabu vyake vinavyoazimwa maktaba. Hajui ni nani aliyenakili. Hana haja ya kujua.

Kwetu kwa miaka mingi msanii alikwenda kuidai haki yake mwenyewe, mahakamani, kama alikuwa na mgongo wa kutosha. Wanamuziki AY na Mwana FA waliishtaki kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao kama miito bila idhini. Kesi ilianza 2012 na mwaka 2016 wakatunukiwa zaidi ya shilingi bilioni 2. Mwana FA baadaye akawa mbunge, na 2023 naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Tulishangilia sana, na ni haki. Ila ukiwa msanii wa kwaya yenye wimbo mmoja uliovuma, miaka minne ya kesi utailia nini? Na tazama aliyeshtakiwa: hakuwa yule kijana wa flashi. Alikuwa mfanyabiashara mwenye mikataba, wanasheria na vitabu vya hesabu.

Niseme na langu, maana nimewasema wengine mno. Katika kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku kuna mtu alituma riwaya ya Kiswahili, PDF, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba ya shule. Ukurasa wa 43 kuna kidole gumba cha mpigapicha, kimeziba mwanzo wa mistari minne, na mpaka leo sijui yule mama alimjibu nini mumewe. Niliisoma usiku mmoja. Nikampa mwanangu, ambaye Kiswahili chake kinachechemea, naye akaisoma, jambo ambalo vitabu vya masomo nilivyovinunua kwa pesa halali havijawahi kulifanikisha.

Mwandishi wake yu hai. Filamu ya Marekani niliyoangalia dakika ishirini nimeilipia mamia ya euro, na yeye sijamlipa kitu. Nilitafuta toleo la kununua mtandaoni, halipo. Hakuna wakili atakayeniandikia kwa niaba yake.

Mwezi uliopita nilimwomba binamu yangu anunue nakala mbili. Alizunguka wiki nzima akapata moja, inakuja kwa mkono wa mtu. PDF sijaifuta. Juzi mama mmoja wa kundini aliiomba kwa ajili ya binti yake, nikamtumia, nikamwambia tu kwamba kwa ukurasa wa 43 awe na subira, nitampigia picha upya kitabu kikifika.