Krismasi na swali la "iko wapi kwenye Biblia?"

Desemba iliyopita, stejini Nakuru, nauli ya kwenda Mbale, Vihiga, ilikuwa imepanda hadi mzee mmoja akamuuliza makanga kama anauziwa kiti au gari lenyewe. Mbele yangu palisimama mama mwenye kikapu, jogoo katoa kichwa nje. Kijana Msabato nyuma yetu akamchokoza: "Mama, hii Krismasi iko wapi kwenye Biblia?" Mama hakugeuka. "Na wewe unaenda wapi?" Nyumbani, akajibu. "Basi panga laini."

Tulicheka, lakini kijana alikuwa na hoja. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwa Yesu bila kutaja siku wala mwezi. Tena wanaoikwepa sikukuu hii hawakuanza jana. Bunge la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647. Hata Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi, Vihiga, 1902, walitoka katika desturi inayosema kila siku ni ya Mungu, kwa hiyo hakuna ya kutengwa. (Nenda Vihiga leo tarehe 25 uone wajukuu wa imani hiyo wanavyoitenga, na kuku juu yake.)

Hoja ya upagani, kwamba Kanisa liliazima sikukuu ya jua ya Warumi, naiona dhaifu kuliko inavyotangazwa. Kaisari Aurelian alilijengea jua hekalu 274, kweli. Ila kumbukumbu ya zamani kabisa ya sikukuu ya jua ya Desemba 25 imo katika kalenda ya Roma ya 354, na kalenda hiyohiyo inataja kuzaliwa kwa Kristo siku hiyo. Nani alimwiga nani? Wapo wanaosema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka Machi 25, siku waliyoamini mimba ilitungwa.

Isitoshe, tarehe si kiini. Anayeiadhimisha kwa imani anashika neno la Yohana: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mungu kuwa na mwili, kuwa na mama, kuwa na kwao. Luka anasema watu walikwenda kuandikwa, "kila mtu mjini kwao", na Yusufu akapanda Bethlehemu na Mariamu mjamzito. Anayetoka Nakuru usiku na watoto wawili mapajani haihitaji sana tafsiri ya hapo. Paulo naye, katika Warumi 14, amewaacha huru wote wawili, anayeitofautisha siku na asiyeitofautisha, mradi kila mmoja awe na hakika.

Kinachonikwaza mimi ni kingine. Asubuhi ya tarehe 25 tuliingia kanisani kijijini saa nne. Upande wa wanaume ulijaa. Upande wa wanawake kulikuwa na bibi watatu na wasichana wa kwaya. Wengine walikuwa jikoni, wakisukuma chapati za watu arobaini. Mhubiri alihubiri vizuri habari za Mariamu.

Hapo swali la kijana lina makali kuliko alivyolinoa. Ikiwa siku ni ya ibada, mbona imewafungia nje walioiandaa? Mtetezi atasema kupika nako ni kumtumikia Bwana, na wachungaji wa Luka walipata habari wakiwa zamuni, usiku, kondeni. Sawa. Lakini wao waliacha kondeni wakaenda kumwona mtoto. Mwaka huu nimependekeza nyumbani chapati zipikwe tarehe 24, na wavulana wasukume. Dada zangu wamekubali. Wavulana bado wanafikiria.