Mdalasini Hukatwa, Hauchunwi Ukiwa Umesimama

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, utaiona midalasini mipakani mwa mashamba, nyuma ya majiko, na chini ya mikarafuu pamoja na iliki na pilipili manga. Na karibu kila nikienda huko kwetu nakuta mmoja umekauka wima, shina likiwa tupu kuanzia chini hadi mkono wa mtu unapofika. Gome lote limechunwa. Huwa inaniuma, maana mti ule haukupaswa kufa.

Gome ndilo linalopitisha chakula kutoka majani kwenda mizizini. Ukilichuna kulizunguka shina, mizizi inakufa njaa. Lakini ukikata shina lenyewe chini, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, kisiki kinachipua, na kitaendelea kuchipua kwa miaka mingi. Mdalasini ni ndugu wa mparachichi, ila huu tunautaka kwa ajili ya ngozi yake, na ngozi inayofaa ni ya mti mchanga.

Sri Lanka, ambako ndiko asili yake, wanalijua hili tangu zamani. Waholanzi walipoitawala pwani ya kisiwa hicho walianza kuupanda mashambani katika karne ya 18. Kabla ya hapo ulivunwa porini. Mche hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili au mitatu. Yanapotoka machipukizi, huachwa machache yaliyonyooka, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili yanakuwa fito za unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Wakati wa kukata hautazamwi kwenye kalenda. Hutazamwa majani: machanga ya mdalasini hutoka mekundu, na yakishaanza kugeuka kijani baada ya mvua, gome huachia kwa urahisi.

Kisha kuna kazi ya mikono, na hapa ndipo thamani yote ilipo. Ufito hukwanguliwa ngozi ya nje, ile ya kijivu isiyo na utamu. Gome la ndani husuguliwa kwa chuma laini ili liachie, hupasuliwa kwa urefu kwa ncha ya kisu, kisha hubanduliwa jembamba kama karatasi. Vipande huingizwa kimoja ndani ya kingine, hukaushwa kivulini kwanza, navyo hujikunja vyenyewe. Mdalasini wa namna hiyo unauvunja kwa vidole. Majani hayatupwi pia: hutolewa mafuta yenye harufu inayokaribia ya karafuu.

Sasa tazama magome yaliyorundikwa sokoni kwetu. Mazito, magumu kama mbao, bado na ngozi ya nje na ukungu wa kuvu. Watu wengi huamini kwamba mti wetu ni wa aina duni. Si kweli. Unaolimwa Amani, na Unguja na Pemba pia, ni mdalasini uleule wa Sri Lanka. Tofauti imeletwa na panga letu.

Hata hivyo sitawalaumu wakulima, na nakataa wanaposemwa kuwa ni wavivu. Mnunuzi anayefika kijijini na mizani yake ana bei moja tu kwa kilo. Mtu aliyeshinda siku nzima akikwangua gome jembamba analipwa sawa na aliyebandua shina la miaka ishirini kwa nusu saa, tena gome jembamba ni jepesi, kwa hiyo anapata pungufu. Kwa bei hiyo hata mimi ningechuna mti mzima. Ninachowaomba wanunuzi ni bei mbili, ya gome zito na ya gome lililokwanguliwa, na ziandikwe mahali mkulima anaweza kuzisoma kabla hajashika kisu.

Masika yaliyopita nilikata midalasini mitatu shambani kwa mama. Alisimama pembeni kimya, maana mmoja aliupanda baba. Sasa visiki vyote vitatu vina machipukizi yanayonifika kifuani. Nimemwomba abakize manne kwa kila kisiki, mengine ayaondoe. Amesema kwenye kile cha baba atabakiza matano.