Ndoo Kichwani mwa Mangi: Kutetea Ujinga wa Magemu ya Kichawi

Mvalishe Mangi ndoo kichwani, halafu beba sukari, mafuta ya kupikia na vocha zote mbele yake. Jaribu hilo Sinza uone kama utafika barabarani. Ndani ya Skyrim, gemu ya mwaka 2011, utafika barabarani, utarudi kuchukua ulichosahau, na mwenye duka atakukaribisha vizuri huku ndoo imemfunika mpaka shingoni.

Namna yake ni hii. Tafuta ndoo, kikapu au chungu kikubwa humo humo dukani. Usikibofye mara moja, maana hapo utakuwa umekichukua na huo ni wizi. Shikilia kitufe mpaka kitu kielee mbele yako. Kusogeza mali ya mtu siyo kosa kwa sheria za Skyrim. Kipandishe juu ya kichwa chake, kishushe polepole, achia. Programu inapotaka kujua kama umeonekana, inaangalia mstari wa kutoka machoni mwa mhusika hadi kwako. Kukiwa na ukuta katikati, hujaonekana. Ndoo nayo ni kitu kigumu, kwa hiyo inahesabika kama ukuta. Hakuna aliyemfundisha mwenye duka kwamba giza la ghafla saa nne asubuhi ni jambo la kuulizia.

Wengi wanaokamatwa hukamatwa kwa sababu mbili. Kwanza, masikio hayajafunikwa, kwa hiyo nyata. Ukitembea kama unawahi mwendokasi utasikika. Pili, hawahesabu watu. Duka la kijiji cha Riverwood lina kaka na dada yake, na dada akiwepo ndoo moja haitoshi. Halafu kuna tatizo la kuuza. Bidhaa ya wizi ina alama, na mwenye duka wa kawaida hainunui hata ukiipeleka mji wa mwisho wa ramani. Inabidi uwe na wapokea mali za wizi wa chama cha wezi. Yaani mtu huyu hajui kama ana ndoo kichwani, ila anajua kipande hiki cha jibini kiliibwa upande wa pili wa nchi.

Huu ndio ujinga ninaoutetea. Kwenye mabanda ya gemu ya Dar, ambako kila pedi (kidude cha kuchezea) iko kwenye gemu za mpira, mwenye kupenda magemu ya mapanga na majoka huchekwa kwa mambo kama haya: mbona jamaa yako anakula jibini arobaini joka likiwa limemfungulia mdomo? Ndiyo, anakula. Ukifungua begi muda unasimama, joka linabaki hewani na moto wake kooni, nawe unatafuna kuanzia jibini mpaka viazi, kisha unafunga begi na vita vinaendelea. Jambo la kuuliza ni kama sheria inatimiza ahadi yake. Ikisema begi linasimamisha muda, basi lisimamishe kila mara, kwangu hata nikiwa na njaa ya kijinga. Gemu inayokufanyia hivyo inakuheshimu kuliko ile inayojifanya ya uhalisia kisha inakugeuka.

Chukua mizigo. Mhusika wa Skyrim anaanza akiweza kubeba uzito wa 300, na kila akipanda leveli akachagua kuongeza stamina, yaani pumzi, anapata 5 zaidi. Sarafu hazina uzito, hata ziwe laki. Mishale haina uzito. Mfupa wa joka ni 15, na kitabu cha kawaida ni 1, kiwe kinene au chembamba. Kuanzia 0 mpaka 300 unakimbia na kuogelea na mavazi ya chuma ya watu saba kwapani. Okota kitabu kimoja, ufike 301, na miguu inakuwa ya mgonjwa aliyetoka wodini. Kuli yeyote wa Kariakoo atakwambia gunia linaanza kusema na mgongo mapema sana, halingojei kilo ya mwisho. Lakini fikiria gemu inayokupunguzia mwendo kidogo kidogo kwa kila unachookota: ungecheza saa mia ukiwa nusu mgonjwa muda wote. Mstari mmoja mkali ni wa kijinga, na unachezeka.

Na mstari ukishakuwa mmoja, watu wanatafuta pa kuuvukia. Panda farasi na mzigo wako wa 900: anakimbia kama hana habari, kwa kuwa sheria ilihesabu miguu yako tu. Au mtumie msindikizaji, mhusika wa gemu anayekufuata safarini. Ukimpa vitu mkononi atasema hawezi kubeba zaidi. Viweke chini, mwamuru aviokote, naye ataokota mpaka uchoke wewe. Mlango wa kukabidhi una mizani, mlango wa kuokota hauna.

Kwenye kuuza napo kuna kichekesho kingine. Mwenye duka la mchanganyiko ana sarafu 750, mhunzi 1,000, muuza dawa 500. Ukija na upanga wa 2,000 chenji hana, na pochi yake inajazwa upya baada ya saa 48 za ndani ya gemu. Kitufe cha kusubiri kinaruka saa 24 kwa mara moja, kwa hiyo mashujaa wa Skyrim husimama wima mbele ya kaunta siku mbili mchana na usiku bila kukojoa, halafu wanaendelea na mazungumzo pale pale walipoishia.

Diablo II ya mwaka 2000 ilikwepa uzito kabisa ikachukua nafasi: begi lenye miraba 10 kwa 4. Deraya inakula miraba 6, chupa ya dawa mmoja. Mfanyabiashara wa gulioni anayepanga mitumba kwenye rambo moja angeipenda. Humo ndani utakuja kupata kasha liitwalo Horadric Cube, ambalo linachukua miraba 4 na ndani lina miraba 12. Unaingiza deraya nzima, au mkuki mrefu kuliko mwenyewe, kwenye kitu cha ukubwa wa sanduku la viatu. Kitu pekee lisichokubali ni kujiingia lenyewe. Hapo watengenezaji walijua hesabu ingeishia wapi.

Sasa tuje kwenye kilele chenyewe, uchawi wa chumvi na samaki.

Tia uchawi wa kuongeza ustadi wa dawa kwenye vitu vinne unavyovaa: kofia, glavu, pete na mkufu. Nenda kwenye meza ya dawa uchanganye rundo la chumvi na samaki aitwaye Abecean Longfin; ukimkosa, Cyrodilic Spadetail anafaa. Ukiisoma orodha hiyo utadhani umetumwa Feri. Inatoka dawa inayoongeza nguvu za uchawi wa uponyaji. Inywe, vua vitu vyote vinne, vivae tena, tengeneza nyingine. Ya pili itakuwa kali kuliko ya kwanza. Rudia.

Sababu yake ni uainishaji. Ndani ya Skyrim, uchawi wa nguo unaokuongezea ustadi umewekwa kwenye fungu la uponyaji. Ukinywa dawa ya kuimarisha uponyaji, unaimarisha pia glavu zako, na nguvu za glavu hupimwa sekunde ile unapozivaa. Dawa ikiisha glavu hazipimwi tena mpaka uzivue. Kwa hiyo dawa inapandisha glavu, glavu zinapandisha dawa, na baada ya mizunguko kadhaa unauza chupa moja kwa bei ambayo hakuna mwenye duka anayeweza kulipa. Ambaye namba zake hazipandi, mara nyingi amekunywa akasahau kuvua, au amevua pete peke yake. Anayezidisha mizunguko anapata balaa la pili: namba inazidi kile programu inachoweza kushika, inageuka kuwa hasi au gemu inaganda. Seivu kabla ya kila mzunguko. Seivu kwa sababu ya umeme pia, hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Dar.

Watengenezaji wenyewe waliuacha mwanya huu wazi. Marekebisho ya hiari yaliyoandikwa na wachezaji ndiyo yanayouziba. Naunga mkono mpangilio huo. Hakuna mtu anayeangukia kwenye mzunguko huu kwa bahati mbaya, na anayeutafuta anafanya kile wachawi wa hadithi wangefanya kama wangekuwa na akili ya dalali.

Ujinga nisioutetea uko kwenye gemu ya Morrowind, ya 2002. Mchezaji mpya anaingia, anakutana na kaa wa matopeni, anamkata kwa shoka. Macho yanaona shoka limepita katikati ya kaa. Gemu inasema umekosa. Mara tano. Kilichotokea ni hesabu ya siri: ustadi wako wa silaha, jumlisha moja ya tano ya wepesi, jumlisha moja ya kumi ya bahati, jumla hiyo unaizidisha kwa 0.75 ukiwa umechoka kabisa, au 1.25 ukiwa na pumzi kamili. Mtu mwenye ustadi wa 5, wepesi 40 na bahati 40 anapata 17, mara 1.25 ni asilimia 21 hivi. Sasa amekuja mbio kutoka mlimani, na kukimbia kunamaliza pumzi, hivyo ni 17 mara 0.75, asilimia 12 na ushee. Bado hujatoa uwezo wa kaa wa kukwepa.

Dawa yake ipo. Unapotengeneza mhusika, silaha utakayotumia iwe kwenye ustadi mkuu, ianzie 30. Chukua silaha ya aina hiyo hiyo, siyo shoka la kuokota. Hatua za mwisho tembea, au simama pumzi irudi. Wepesi na bahati zikiwa zile zile, unafika zaidi ya asilimia 52 na kaa anakufa kama kaa. Ila kosa ni la gemu. Kete zilitoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson wa 1974, ambako unapokosa, mwendesha mchezo anakusimulia jinsi adui alivyoinama. Morrowind ilibaki na kete, ikamwondoa msimulizi, ikaweka picha inayosema kinyume cha namba. Ndoo ya Skyrim inachekesha kwa kuwa unachokiona ndicho kinachohesabiwa. Hapa unachokiona ni uongo.

Oblivion ya 2006 ina yote mawili, mazuri na mabaya. Mabaya ni majambazi. Gemu inapima maadui kulingana na leveli yako ili popote uendako pasiwe rahisi mno, na ukifika mbali unasimamishwa porini na kibaka aliyevaa deraya ya kioo yenye thamani ya maelfu, anakudai sarafu 100. Ni kama kukabwa Manzese na mtu mwenye saa ya dhahabu anayetaka jero. Mazuri ni namna ya kumshawishi mtu. Inatokea duara yenye vipande vinne: sifia, jigambe, tania, tishia. Lazima uguse vyote vinne kila mzunguko. Vipande vina ukubwa tofauti na vinazunguka kila unapochagua. Soma uso: anachokipenda kichague kikiwa kipande kinene, anachokichukia kikiwa chembamba. Kwa hiyo ndani ya sekunde chache unamwambia bibi wa watu kwamba ni mrembo, kwamba wewe umeua majini, unamtolea mzaha, unamtishia kumpasua, naye anabadilisha sura mara nne na mwisho anakupenda kuliko ndugu zake. Watu wanaiona ni upuuzi. Mimi naona aliyeiandika alishawahi kumtazama dalali wa viwanja kazini.

Watengenezaji wa Baldur's Gate 3, ya 2023, wamepata kiasi chake. Kuna uchawi wa kuongea na maiti, maswali matano. Maiti uliyemuua mwenyewe anakataa kuongea nawe, jambo la haki kabisa. Basi jigeuze sura kwa uchawi mwingine, umrudie, na marehemu atakujibu kwa adabu kama mgeni. Macho hayana kazi tena, ila anatazama sura. Sheria ya kinyongo inatimizwa, sheria ya kujificha inatimizwa, na mchezaji anajiona mjanja.

Na kuna The Witcher 3, ya 2015. Wachezaji waligundua kwamba ng'ombe wa White Orchard, eneo la kwanza la gemu, wanarudi: chinja, chukua ngozi, kaa utafakari muda upite, ng'ombe wapo tena, chinja. Ngozi zinauzwa, na Geralt, muwinda majini wa kutisha, akawa mfanyakazi wa machinjioni. Watengenezaji wangeweza kuzuia ng'ombe wasirudi, kimya kimya, na hakuna ambaye angekumbuka. Badala yake, kwenye marekebisho ya 1.05 waliweka jini lenye pembe, chort, la leveli ambayo mchezaji wa mwanzoni hawezi hata kulikwaruza. Ukizidisha kuchinja, linatokea malishoni kuja kuwalipia kisasi ng'ombe.