Wapolandi wamewazika washairi wao pamoja na wafalme. Na sisi?

Ndugu zangu wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza habari za baridi, mshahara, na kama nimezoea chakula. Hakuna aliyewahi kuniuliza Wapolandi wanasoma nini. Kwangu mimi hilo ndilo la kuulizwa kwanza, maana tangu nihamie Kraków hakuna kitu kilichonifanya niifikirie Tanga upya kama namna watu hawa wanavyoishi na vitabu vyao.

Hapa mjini kuna kilima kinaitwa Wawel. Juu yake pana kasri na kanisa kuu, na chini ya sakafu ya kanisa hilo wamelala wafalme wa Polandi. Pamoja nao wamelala washairi wawili ambao hawakutawala hata kitongoji, Adam Mickiewicz na Juliusz Słowacki. Mickiewicz alifia Istanbul mwaka 1855, akazikwa Ufaransa, na mwaka 1890 mabaki yake yakaletwa hapa, wakati Polandi haimo hata kwenye ramani. Akiwa hai hakuwahi kukanyaga Kraków. Słowacki alirudishwa kutoka Paris mwaka 1927, uhuru ukiwa umeshapatikana, na Józef Piłsudski, kiongozi wa nchi wakati huo, akaamuru jeneza lipelekwe kwa wafalme kwa sababu moja tu: mtu huyu alikuwa sawa nao.

Urusi, Prussia na Austria ziliigawana nchi hii mwaka 1772, kisha 1793 bila Austria, kisha 1795 zote tatu zikaimaliza. Ikakaa miaka 123 bila serikali yake hadi Novemba 1918. Watafiti wa fasihi wa hapa, hata wanaopingana kwa kila jambo lingine, huanzia hapo: kazi ambayo kwingine hufanywa na dola, huku ilifanywa na ushairi na riwaya. Maria Janion, aliyefariki mwaka 2020, alitumia maisha yake yote kueleza jinsi washairi wa karne ya 19 walivyowafundisha Wapolandi kuteseka, kutumaini na kufa kwa ajili ya taifa. Miaka ya 1990 mama huyo huyo akasimama na kusema zama hizo zinakwisha, tufikirie upya. Wengi walikasirika. Mimi namheshimu kwa yote mawili.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha watoto. Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września uliokuwa chini ya Wajerumani, iliamriwa hata somo la dini lifundishwe kwa Kijerumani. Watoto wakakataa kujibu. Wakachapwa. Wazazi waliokusanyika nje ya shule kupinga wakapelekwa mahakamani na baadhi yao wakafungwa. Sasa fikirini: miaka hiyo hiyo, Dola hiyo hiyo ya Ujerumani ilikuwa kwetu Tanga ikiendesha shule ya serikali iliyofundisha kwa Kiswahili, kwa sababu ilihitaji makarani na maakida. Września lugha ya wenyeji ilikuwa tishio. Tanga ilikuwa nyenzo ya kazi. Nadhani hapo ndipo njia zetu zilipoachana. Wapolandi walinyang'anywa lugha yao, wakaishika kwa meno. Sisi tulimkuta mtawala ameikubali ya kwetu hadi ngazi ya ukarani, tukaridhika na ngazi hiyo. Nikiwa sekondari, uhuru ukiwa na miongo kadhaa, aliyesikika akizungumza Kiswahili uwanjani alichapwa au alipewa eneo la kufyeka. Nikiwasimulia rafiki zangu wa hapa hudhani nazungumzia ukoloni.

Kuna mfululizo wa vitabu uitwao Biblioteka Narodowa, ulioanzishwa hapa Kraków mwaka 1919. Nchi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, imetoka vitani na bado iko vitani, na wasomi wake wakaona haraka ya kuchapisha vitabu vyao vikuu pamoja na utangulizi wa kitaalamu na tanbihi, ili mwanafunzi na mtu wa kawaida wavisome bila kupotea. Mfululizo huo unatoka hadi leo. Nilinunua nakala ya *Pan Tadeusz*, utenzi mkubwa wa Mickiewicz wa mwaka 1834, kwenye duka la vitabu vya mtumba kwa bei ya chai na keki. Ukifungua, juu ni beti. Chini, kwa herufi ndogo, ni maelezo: mkanda huu wa kiunoni ulivaliwa na nani, uyoga huu ulichumwa wapi, sherehe hii ilikuwa na desturi gani. Utangulizi peke yake ungetosha kuwa kitabu. Mwenye nakala kabla yangu alijaza penseli pembezoni, na ukurasa mmoja ameandika kwa hasira: si kweli! Hakuna aliyefuta.

Mswada wenyewe ulioandikwa kwa mkono uko Wrocław, kwenye taasisi ya Ossolineum. Taasisi hiyo ilianzishwa Lwów, leo Lviv ya Ukraine, mwaka 1817, na mipaka iliposogezwa baada ya Vita Kuu ya Pili ikahamia magharibi na sehemu ya hazina yake. Tangu 2016 utenzi huo mmoja una makumbusho yake. Na tangu 2012, kila mwaka mwezi Septemba, kitabu kimoja husomwa kwa sauti nchi nzima, na walianza na huo huo.

Tabia hii walikwenda nayo hadi kwetu. Mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia na Asia ya Kati kwa nguvu na Wasovieti, waliletwa Tengeru karibu na Arusha. Hawakujua kama watabaki mwaka au miaka kumi, lakini walifungua shule, wakafundisha kwa Kipolandi, historia na fasihi yao zikiwamo. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, na yanatunzwa.

Sasa kwetu. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Ni mtu wa pwani yetu, anasimulia kuingia kwa Wajerumani na vita vilivyofuata, vita vya Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Chapa yake ya 1960 ina tafsiri ya Kiingereza. Nimesoma Tanga kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne na sikuwahi kuusikia ukitajwa. Nimekuja kuusoma nikiwa Polandi. Hili linaniuma, na siandiki ili kupendeza.

Siwezi kusema hatuna wataalamu. Taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1964, tasnifu za Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili, na maktaba ya chuo ina mkusanyo wake wa miswada ya kale. Ni kweli pia kwamba mswada wa *Utendi wa Tambuka*, unaosemekana kuandikwa Pate mwaka 1728, uko Hamburg, na mafungu makubwa ya miswada yetu yako London. Hilo linazungumzwa sana, na watu hulisema kwa uchungu. Mimi uchungu wangu uko kwingine. Hata vile tulivyonavyo, mwalimu wa Muheza anayetaka kuwasomea wanafunzi wake beti hizo hapati toleo la bei nafuu lenye tanbihi kwa Kiswahili, linalomweleza mtoto liwali ni nani, hongo ya njia ililipwaje, na kijiji kinachotajwa kiko upande gani wa mto Pangani. Mwanahistoria wetu naye, akitaka kuandika tasnifu juu ya vita hivyo, ataiandika kwa Kiingereza, na yule mwalimu hataisoma.

Mpolandi mmoja alituheshimu kuliko tunavyojiheshimu. Rajmund Ohly alikuja kufanya utafiti Dar es Salaam na mwaka 1981 taasisi yetu ikamchapishia kitabu kizima cha uhakiki wa nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970. Aliona ni kazi inayostahili miaka ya mtu. Lakini na yeye aliiandika kwa Kiingereza.

Lakini msinielewe kwamba huku kila kitu ni cha kuiga. Fasihi na historia zikishageuzwa ngome ya taifa, anayeuliza swali huonekana amekuja kubomoa. Mwaka 2000 Jan Tomasz Gross alichapisha kitabu juu ya mji wa Jedwabne, ambako tarehe 10 Julai 1941 wakazi wa Kipolandi waliwaua majirani zao Wayahudi, wengi kwa kuwafungia ghalani na kuwachoma moto. Nchi ilitikisika. Rais aliomba radhi hadharani mwaka 2001, lakini mwaka 2018 bunge likapitisha sheria ya kuwafunga hadi miaka 3 wanaolitwisha taifa la Polandi dhambi za Wanazi. Kelele zilikuwa kubwa, na miezi michache baadaye kifungu cha jela kikaondolewa. Februari 2021 mahakama ya Warsaw iliwaamuru watafiti wawili, Barbara Engelking na Jan Grabowski, waombe radhi kwa walichoandika juu ya mkuu mmoja wa kijiji wakati wa vita. Agosti mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Olga Tokarczuk, mwandishi wa riwaya, kabla hajapata Nobeli, alitishiwa maisha kwa kusema mwaka 2015 kwamba Wapolandi nao waliwahi kutawala na kukandamiza wengine.

Na liko linalonihusu mimi mwenyewe. Henryk Sienkiewicz, aliyeandika riwaya za vita vya karne ya 17 ili kuwatia moyo watu wasio na nchi, alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Miaka 20 baadaye akatoa riwaya ya watoto wawili wa Kizungu wanaopita katikati ya Afrika na kijana mweusi aitwaye Kali. Kali anachorwa kama mtu asiyejua mema na mabaya: akiibiwa ng'ombe yeye ni dhambi, akiiba yeye ni jambo jema. Hadi leo Wapolandi wanasema "maadili ya Kali" wanapomsema mtu mwenye undumilakuwili, na wanafunzi wa vizazi vingi wamekisoma kitabu hicho darasani. Mwandishi aliyekua katika nchi iliyotawaliwa alipita pwani yetu muda mfupi baada ya Abushiri kunyongwa na Wajerumani, hao hao waliokuwa wakiwabana Wapolandi wa Września, na riwaya yake haioni kufanana kokote. Watafiti wa Kipolandi wa leo wanalisema hili wazi. Mimi nawasubiri wa kwetu nao waliseme, kwa Kiswahili, wakiwa na Sienkiewicz mkono huu na Hemedi mkono ule, maana wote wawili waliiona pwani ile ile ya miaka ile ile.

Kuna jambo ambalo nyumbani tuko mbele, na siko tayari kulibadilisha. *Pan Tadeusz* inaanza kwa Mickiewicz kuiita Lithuania nchi yake. Alizaliwa mwaka 1798 sehemu ambayo leo ni Belarus, na nchi zote tatu zinamdai. Kabla ya 1939 karibu theluthi moja ya raia wa Polandi walikuwa Waukraine, Wayahudi, Wabelarusi, Wajerumani na wengine. Mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 3 wa Polandi, mipaka kusogezwa na watu kuhamishwa kwa nguvu ndivyo vilivyoiacha nchi ya kabila moja, na wengi sasa wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mshairi Czesław Miłosz alipofariki hapa Kraków mwaka 2004, wapo waliotaka asizikwe pamoja na watu wakuu wa taifa, wakidai Upolandi wake haukutosha. Huyo ana Nobeli. Mimi nikizungumza Kipolandi kwenye tramu, mtu husifu matamshi yangu halafu huniuliza narudi kwetu lini. Tanga hakuna aliyemuuliza mtoto wa Mgoa, wa Mmakonde au wa Myemeni babu yake alizikwa wapi kabla ya kumwachia atunge shairi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga na mtu wa asili ya Kiyao, ndiye tunayemwita baba wa fasihi yetu, na hakuna anayeona ajabu.

Kwa hiyo nataka toleo la Hemedi linalosomeka. Liwe na tanbihi, ramani ya Mrima kutoka Tanga hadi Kilwa, na utangulizi usioogopa. Abushiri alipigana na Wajerumani na alikuwa pia mwenye mashamba aliyemiliki watumwa. Hao watumwa wako wapi ndani ya utenzi, na mtunzi amesimama upande wa nani? Utangulizi uulize hivyo, na mwanafunzi wa Pangani aruhusiwe kujibu hata kama babu yake atakasirika.

Nimeshaanza kuandikiana na walimu wawili wa Kiswahili walioko Tanga na mmoja Mombasa. Tunachokosa ni nakala nzuri. Niliyonayo ni picha za kurasa tu, na kadhaa hazisomeki upande wa mgongo wa kitabu. Kama nyumbani kwenu, kwenye sanduku la babu au kabati la mwalimu mstaafu, kuna chapa ya 1960, au daftari la mtu aliyeinakili kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, msilitoe kwa wauza karanga. Lipigeni picha, ukurasa kwa ukurasa, kwenye mwanga wa mchana, mniandikie.