Kadi ya mtandao ikigoma, flashi ibaki mfukoni

Sisi mafundi wa Mwanza tuna tabia moja inayonichosha. Seva ya mteja ikianza kukata mtandao, flashi inatolewa na mfumo unapigwa upya hapohapo. Mteja analipa, na wiki haiishi simu inaita tena.

Wakati mashine ilishasema tatizo lake! Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa seva, fungua dmesg, yaani orodha ya ujumbe wa mfumo, utakuta "re0: watchdog timeout"; re0 ni jina la kadi ya mtandao ya Realtek. Draiva, programu inayoiendesha kadi, imeikabidhi kadi paketi (vipande vya data) za kutuma, ikasubiri taarifa kwamba zimeondoka, sekunde 5 zikapita kadi iko kimya. Basi draiva inaiwasha kadi upya, ndiyo maana mtandao unakata na kurudi, unakata na kurudi. Kupiga mfumo uleule upya kutabadilisha nini hapo?

Mimi huanza na amri ya vmstat -i, inayohesabu intarapti, kwa sababu kadi hutoa taarifa zake kwa intarapti, yaani ishara ya kuishtua prosesa. Endesha mara mbili huku faili linahamishwa. Namba ya re0 isipopanda, intarapti hazifiki, weka hw.re.msi_disable="1" (inazima MSI, njia mojawapo ya kupeleka intarapti) kwenye /boot/loader.conf, faili la mipangilio ya kuwasha, washa upya, jaribu tena. Ikipanda vizuri, nenda kwenye amri ya netstat -i uangalie safu za makosa ya kadi, kisha badilisha kebo na tundu la swichi.

Na kebo za huku tunazijua. Ukanda huu wa ziwa una radi kali, halafu mtu anavuta kebo juu ya mabati kutoka duka hadi duka pale Makoroboi. Kadi iliyoungua kabisa haisumbui, unaitupa tu. Balaa ni iliyojeruhiwa: taa inawaka, WhatsApp inapita, ukianza kuhamisha bakapu inanyamaza.

Kadi nyingine zina sifa yake tangu zamani. Bill Paul, aliyeandika draiva ya rl ya FreeBSD, ya kadi za Realtek za zamani, aliacha maelezo ndani ya kodi kwamba RTL8139 ya Realtek huenda ndiyo kadi mbaya kuliko zote za mtandao za PCI, zile za kuchomeka ndani ya kompyuta. Na yeye ndiye aliyeifanya ifanye kazi! Kwa hizi za gigabiti, kama re0, kuna draiva ya Realtek wenyewe, realtek-re-kmod kwenye portsi, hazina ya programu za FreeBSD. Ijaribu kabla ya kumwambia mteja anunue kitu.

Ikishindikana, mtafutie kadi ya Intel, hata iliyotumika, mradi umeipima kwa faili kubwa kabla hujafunga kasha.