Mgongo Wangu na Maswali ya Famasi

Jamani, mimi mgongo unaniuma tu, sijaiba. Nimesimama kwenye daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo, nimepinda kama ndoano. Daktari kaniandikia cheti, nikaingia famasi nichukue vidonge niondoke. Boda yuko nje ananisubiri.

Dada mfamasia kashika cheti, kakigeuza, kakisogeza kwenye taa. Mwandiko wenyewe, kuku akiparua majivu anaandika vizuri zaidi. Kisha mahojiano: una presha? Vidonda vya tumbo? Kuna dawa inayokudhuru? Nilipopeleka posa Kibaha, wajomba hawakunichimba hivi.

Kwa Mangi nanunua panadol, kitunguu na vocha dirisha moja, na swali lake ni moja tu: "Chenji huna?"

Dada kachukua kalamu. "Baba, hiki kidonge cha mchanganyiko kina diklofenaki na parasetamoli humo humo. Halafu hapa chini umeandikiwa panadol, ambayo ni parasetamoli hiyo hiyo, mbili mara tatu." Kapiga hesabu: panadol gramu 3, na kwenye mchanganyiko moja na nusu. "Mtu mzima mwisho gramu 4 kwa siku, baba. Utaliua ini." Nikamwambia nimeshameza mbili za Mangi asubuhi. Akaniangalia kama kakamata mwizi wa kuku. Na hiyo diklofenaki, kwa mtu wa presha kama mimi, hakuitaka kabisa; inapandisha presha na kusumbua figo. Akampigia daktari. Simu ya mteja unayempigia haipatikani kwa sasa. Tukasubiri. Boda akapiga honi.

Haya, hesabu zake sizibishii. Ila kuna swali moja ndilo lililonimaliza: "Unatumia dawa yoyote ya kienyeji?"

Nyuma yangu yupo mama mwenye genge mtaani kwetu, kimya kama redio iliyoisha betri, masikio wima. Nikanong'ona.

"Sijasikia, baba?"

Nikalisema: vumbi la Kongo, ile ya nguvu za kiume.

Daktari alipopatikana, mchanganyiko ukafutwa. Nikatoka na panadol zangu tu, zile zile za kwa Mangi, boda kadai buku ya kusubiri. Hayo si kitu. Jioni napita kijiweni, vijana wote wakasimama kwa heshima:

"Pole na mgongo, mzee!"