Yai Halina Ganda, na Mimi Nishachoka

Mtu anayepapasa kiota cha kuku alfajiri, kabla hata hajaonja chai, anayo haki ya kutarajia kwamba vidole vyake vitagusa kitu kigumu. Vyangu vimezama leo katika kitu chenye uvuguvugu kinachobonyea kama puto lililotiwa uji, nami nikaruka nyuma nikigonga kichwa kwenye boriti ya banda. Lilikuwa ni yai lililotimia kwa kila hali, ute na kiini vikionekana kupitia utando, isipokuwa ganda halikuwapo.

Matetea hawa nimewalea tangu wakiwa vifaranga, nikawakesha na jiko la mkaa, nikawachanja kideri kwa ratiba na kustahimili kila mfuko wa chakula uliopanda bei, na sasa wamefika umri wa kulipa fadhila ndipo wanapotaga vitu vya kunywewa kwa mrija. Mama watoto aliuliza kwa upole kama na hilo ninalihesabu kwenye trei. Jirani alinishauri nimwone mtaalamu wa dawa, na sidhani kama alikuwa na maana ya dawa za mifugo.

Nikaliweka yai katika bakuli, nikalifunika kwa kitambaa safi, nikapanda daladala nimelipakata kwa heshima zote mpaka duka la pembejeo.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana wa dukani.

"Marahaba. Hebu tazama maajabu haya."

Alichungulia bila kushangaa hata kidogo. Akanieleza kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa kuku wanaoanza kutaga, kwa kuwa ganda hujengwa ndani ya mfuko wa uzazi kwa saa zipatazo 20, na yai linalowahi kutoka hutoka lilivyo; baada ya majuma machache watatulia wenyewe. Nilishusha pumzi. Kabla sijafunika bakuli langu, alikwisha kupanga mezani kopo la vitamini, mfuko wa chokaa ya mifugo na pakiti ya unga wa mifupa.

"Kijana, kama ni kawaida, vyote hivi ni vya nini?"

"Ni vya kuisaidia hiyo kawaida, mzee."

Mama mmoja aliyekuja kununua mashudu alidakia kwamba tatizo ni joto, maana kuku anayehema mchana kutwa hawezi kutengeneza ganda la maana. Bwana mwenye gunia la pumba alipinga, akasema ni ugonjwa. Mwingine akaapa kwamba ni paka anayewashtua usiku. Bakuli likazunguka mikononi mwa watu, kila mmoja akilibonyeza yai kwa ajili ya uchunguzi, hadi bwana wa pumba alipolitia dole gumba na kiini kikamwagikia daftari la mauzo. Hakuna aliyeniomba radhi. Kijana alifuta meza kwa risiti yangu, na mjadala ukaendelea kana kwamba ushahidi haukuwa na umuhimu tena.

Sasa naomba niulize kwa adabu. Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kiwe na kalsiamu ya takriban asilimia 4, na mfuko ninaonunua umeandikwa hivyo kwa wino mzito. Hiyo kalsiamu inaishia wapi? Maganda ya kutwanga niwachanganyie hayapo nyumbani, kwa hiyo nanunua mayai ya watu wengine dukani ili kuku wangu wapate maganda! Na hayo mayai laini wanayadonoa na kuyala wenyewe nisipoamka mapema, kwa hiyo mimi ndiye mlinzi wa zamu ya alfajiri katika banda nililolijenga kwa fedha yangu.

Jogoo naye sijui anatamba kwa lipi, maana kuku hutaga hata bila yeye. Anakula kuliko wote, anawika saa nane za usiku, na jirani yule wa dawa ameanza kuniulizia bei yake kwa sauti nisiyoipenda.